Mbao, bloki au jiwe la volkano: nyumba ya Goma itunze joto bila kuziba hewa

Mdogo wangu amepata parseli, yaani kiwanja, Ndosho, mtaa wa Goma, mashariki ya Kongo. Ni kipande kidogo, lava tupu juu mpaka chini, na tangu alipolipa hazipiti jioni mbili bila kunitumia ujumbe, mimi mkubwa wake anayeniita Yaya. "Yaya, nijenge mbao au bloki? Majirani wanasema mbao ni baridi. Na watoto wanakohoa." Anataka jibu la neno moja. Nimeshindwa kumpa, kwa sababu ameuliza mambo mawili kwa pamoja: nyumba isiyokula makala yake, yaani mkaa, na nyumba itakayowaachisha watoto kukohoa. Nimeona nyumba nyingi hapa mjini zilizojengwa kwa ajili ya la kwanza zikaharibu la pili. Basi nimeandika kwa urefu, kwa ajili yake na kwa yeyote aliyesimama kwenye parseli yake akimsubiri fundi.

Makala yanaishia wapi

Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Usiku tunajifunika blanketi, asubuhi ya mvua tunavaa jaketi, lakini hatupashi vyumba moto miezi mizima kama Ulaya. Huko, bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, watu walikimbilia kuziba majengo ili joto lisitoroke. Nchini Marekani, ASHRAE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya hewa ya majengo, kilishusha hewa ya nje inayotakiwa kwenye ofisi zisizovutwa sigara hadi lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu mwaka 1981. Wafanyakazi wakawa wanalalamika: kichwa kinauma, macho yanawasha, koo limekauka, na wakitoka nje wanapata nafuu. Mwaka 1989 kiwango cha ofisi kikapandishwa hadi lita 10. Waliumia, lakini angalau mafuta waliyaokoa.

Sisi tukiziba hatuokoi kitu. Makala yetu hayapashi ukuta, yanapika. Kwa sababu ya mwinuko, maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo maharagi hukaa motoni muda mrefu kuliko ambavyo yangekaa Matadi au Dar es Salaam. Gunia linaishia kwenye maharagi, sombe (majani ya mihogo) na maji ya kuoga. Bana kila tundu la nyumba uonavyo, gunia litaisha siku ileile. Ndiyo maana ninapolinganisha kuta hapa chini siulizi ipi inaokoa makala. Nauliza ipi inamlaza mtu bila kutetemeka, na anaamka amevuta hewa gani.

Mbao

Mji huu ni wa mbao. Tangu lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilipopita katikati ya mji Januari 2002, watu wengi walijenga mbao kwa sababu zinasimama upesi, zinabebeka kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na mlima ukikasirika tena unaweza kuzing'oa ukaondoka nazo. Majirani wa mdogo wangu wanaposema mbao ni baridi, wanasema kweli nusu. Ubao wenyewe hauruhusu joto kupita kirahisi. Unene wa sentimita mbili tu unazuia joto karibu sawa na bloki tupu ya sentimita 15. Baridi ya nyumba ya mbao inapita kwenye nyufa kati ya ubao na ubao.

Lakini nyufa hizo ndizo mapafu ya nyumba. Nilipiga hesabu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, watu wanne wamelala. Kila mmoja anatoa takriban lita 13 za kaboni dioksidi kwa saa. Hewa ya nje ina sehemu zipatazo 420 kwa milioni. Kama nyufa zinabadilisha hewa yote ya chumba mara tatu kwa saa, asubuhi chumba kitakuwa kwenye 1,200 hivi. Chumba hicho kikiwa cha bloki, dirisha la alumini limefungwa na hewa inabadilika mara moja tu kwa kila saa tatu, asubuhi utakuta karibu 7,000. Kiasi hicho hakiui mtu. Kinakuonyesha tu kwamba kila kilichotoka mdomoni mwa mmoja usiku kucha kimezunguka kwa wenzake: kikohozi, mafua, kifua kikuu kama kipo. Na watu wanne wakilala kwa muda wa saa nane hutoa zaidi ya lita moja ya maji kama mvuke, ambao lazima utue mahali.

Ubaya wa mbao ni moto. Nyumba moja ikishika, avenue nzima inaweza kwenda. Mwenye kupika ndani ya nyumba asijenge mbao. Na kama utazipaka oili chafu ya magari ili zisioze, paka upande wa nje peke yake; ndani ya chumba cha kulala harufu ile hukaa miezi, na ni mvuke wa mafuta ambao mtoto anauvuta.

Bloki

Bloki ndiyo ndoto ya wengi, na naelewa kwa nini: mwizi haipasui kirahisi, mchwa hawaili, jirani akiwa na moto wewe unapona. Kwa hewa na joto, lakini, ni ukuta wa wastani. Asubuhi unakuwa baridi, mvuke wa usiku unatua juu yake, na baada ya msimu mmoja wa mvua unaona madoa meusi nyuma ya kabati. Ile ni kuvu, na kikohozi kisichoisha cha watoto wengi kinachochewa hapo. Rangi mpya haiiondoi. Inaondolewa na hewa inayopita na upenu unaouzuia ukuta kulowa.

Jiwe

Jiwe tunalo chini ya miguu. Halikuchomwa kwenye tanuru, wala halikusafirishwa kutoka mbali. Lilichomwa na Nyiragongo. Kinachogharimu ni mikono ya kulivunja, na sima, yaani saruji, ya kuliunganisha. Tani moja ya sima, kiwandani, hutoa zaidi ya nusu tani ya kaboni dioksidi, kwa hiyo mjenzi anayejua kupanga mawe vizuri, akatumia sima kidogo, amesaidia hewa ya dunia kabla hata hajahamia.

Ukuta wa jiwe wa sentimita 40 ni mzito, na uzito huo ndio faida. Jua la mchana linaingia polepole, linafika ndani usiku unapoanza kupoa. Siku zinazozidi kuwa na joto tunazoziona sasa, nyumba ya jiwe haigeuki haraka. Mimi kama nina pesa za kutosha chumba kimoja tu cha jiwe, nitajenga kile cha wazee.

Kinachotoka chini

Hapa Goma inatofautiana na mji mwingine wowote ninaoujua, na kitabu cha ujenzi kutoka nje hakitakusaidia.

Wazazi wetu waliiita hewa hii mazuku, upepo mbaya. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka kwenye nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, hivyo inatulia mabondeni kama maji. Usiku usio na upepo na alfajiri inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika. Ikipita asilimia kumi ya hewa inaweza kumwangusha mtu kwa dakika chache, na haina rangi, haina harufu ya kumwonya. Mbuzi hufa kwanza, kisha mtoto, kwa sababu ya kimo chao. Upande wa magharibi wa mji, Kyeshero, Lac Vert, Bulengo, kila familia ya zamani ina kisa.

Sasa tazama kuta zetu tatu tena. Nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe ina nafasi chini ya sakafu, na gesi ikitoka ardhini inapeperushwa kabla haijaingia chumbani. Nyumba ya bloki na ya jiwe zimekaa moja kwa moja juu ya mwamba, na sakafu ikipasuka, ufa wake unaweza kukutana na ufa wa lava. Halafu, ukiwa umeziba juu vizuri kwa alumini, gesi haina pa kutokea. Kwa jambo hili moja nyumba ya maskini inaishinda ya tajiri. Ila mara nyingi naona watu wanajaza mawe na udongo kuzunguka nafasi ile ya chini ili kuzuia panya na baridi. Wakifanya hivyo wamejinyima faida yote. Weka wavu wa chuma, usijaze.

Kwa mwenye kujenga bloki au jiwe: jaza nyufa za mwamba kwa kokoto kabla ya kumwaga zege, tandaza plastiki nene chini ya sakafu bila kuitoboa, na acha matundu karibu na sakafu upande ule ambao ardhi inateremka. Gesi nzito inatokea chini, haitoki kwenye dirisha. Usichimbe chumba cha chini ya ardhi hata kama fundi atakuambia kitakuwa stoo nzuri. Na kama parseli iko shimoni, nyasi zake ni kavu kwenye duara moja na unaokota wadudu waliokufa, usilinganishe kuta. Usiinunue. Waulize wazee wa mtaa na watu wa OVG, kituo chetu cha kuchunguza volkano, kabla ya kutoa hata dola moja.

Bati na upenu

Pesa ya kutunza joto iweke juu. Manjanja, yaani bati, yakiwa matupu bila plafo, yaani dari, huchoma mchana na kugandisha usiku; ukuta wowote unaouchagua hautakuokoa na hilo. Plafo ya mbao nyembamba au ya tripleksi, yaani plaiwudi, inaacha tabaka la hewa katikati, na tabaka hilo linafanya kazi kubwa kuliko kuongeza unene wa ukuta. Tripleksi ina gundi inayotoa mvuke unaochoma macho ikiwa mpya, kwa hiyo iache madirisha wazi wiki kadhaa kabla ya watoto kulala humo. Juu ya plafo, hewa ya moto iachiwe matundu pembeni itoke.

Upenu nauombea sana. Mvua za sasa zinashuka nyingi kwa saa chache. Sote tunakumbuka mafuriko ya Kalehe, Kivu Kusini, Mei 2023. Mvua ikipiga dirishani, mama anafunga. Ikinyesha mchana na usiku, nyumba inabaki imefungwa siku mbili, nguo mbichi zinaning'inia ndani, babula, yaani jiko la makala, inaingizwa mlangoni. Upenu wa sentimita 80 unaacha dirisha wazi wakati mvua inanyesha. Ni bati chache zaidi na mbao chache zaidi, na sijaona kitu kingine cha bei hiyo kinachoipa nyumba hewa nyingi hivyo.

Tena kuna siku moshi wa mlima unashuka mjini, hewa inanuka kama kiberiti kilichowashwa. Siku hizo funga upande unaotazama moshi kwa saa hizo, na utoe kwenye tanki mfereji unaoleta maji ya bati: mvua ya kwanza baada ya moshi ni ya asidi, inakula bati, na haifai kuingia kwenye tanki ya kunywa.

Dirisha, mwizi na mbu

Mdogo wangu anataka alumini ya kusukuma kwa sababu inang'aa. Naijua haja hiyo. Lakini dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu. Upande mmoja unakaa nyuma ya mwingine. Vioo vya naco, vile vipande vyembamba vinavyopangwa kama ngazi, vinafunguka karibu eneo lote, na hata vikifungwa vinavuja kidogo, uvujaji ambao mimi nauhesabu kuwa faida. Ubaya wake mwizi anavichomoa kimoja kimoja, basi lazima nondo ndani.

Na tuseme ukweli kuhusu kwa nini nyumba za Goma zinazibwa. Wachache wanaziba kwa sababu ya baridi. Wengi wanaogopa mwizi, kisha mbu. Saa kumi na mbili jioni kila kitu kinabanwa mpaka asubuhi, muda wa saa kumi na mbili nzima, na hizo ndizo saa ambazo watu wote wako ndani. Ukimwambia mama alale dirisha wazi katika mtaa ambao jana walivunja nyumba ya jirani, hujamshauri, umemtukana. Kwa hiyo nachagua kitu kisichohitaji ujasiri: klostra, yale matofali ya sima yenye matundu, juu kabisa ya ukuta chini ya plafo, kwenye kuta mbili zinazotazamana. Mkono haupiti, wavu wa mbu unaingia kwa ndani, na haifungwi usiku kwa kusahau au kwa hofu. Upepo wa ziwa unapanda mjini mchana, hewa baridi ya mlimani inashuka usiku, na klostra upande wa ziwa na upande wa mlima zinapata zote mbili. Tengeneza kifuniko cha ubao kinachoteleza kwa siku za moshi wa mlima. Kitanda usikiweke chini yake moja kwa moja.

Jikoni

Yote niliyoandika juu ni madogo mbele ya hili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi wanafikiri ni kuni tu, kwa kuwa makala hayatoi moshi unaoonekana. Makala yanatoa kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni. Nilipokuwa mwanafunzi nilikodi chumba cha bloki Katindo, dirisha dogo moja. Usiku mmoja wa mvua niliingiza babula yenye makaa yaliyobaki ili sare yangu ikauke. Niliamka kichwa kinapasuka, miguu haikunitii, nikatambaa hadi mlangoni. Kama chumba kile kingekuwa cha mbao, nyufa zingenisaidia. Kama mlango ungekuwa na mpira wa kuzuia baridi chini yake, nisingekuwa naandika haya. Tangu siku ile sitaki kusikia mtu akisema "iingize kidogo tu, imeshapoa." Makaa yanayopoa ndiyo yanayotoa gesi hiyo bila kuonekana.

Babula ya kawaida na babula iliyoboreshwa, yenye udongo ndani: ya pili inatumia makala machache, inunue. Lakini haifai chumbani hata kidogo, haikuwa dawa ya hewa. Gesi ya mtungi inawaka safi na upesi, nzuri kwa chai na mayai. Kwa maharagi ya saa tatu mtungi unaisha mapema. Umeme, penye umeme wa uhakika, unashinda vyote. Mtambo wa Matebe kule Rutshuru, wa mbuga ya Virunga, ulianza kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji mwaka 2015, na makala mengi yanayouzwa hapa yanatoka kwenye miti ya mbuga hiyohiyo. Sufuria ya presha ya umeme inapandisha maji juu ya nyuzi 100, ile shida ya mwinuko inaisha, na maharagi yanaiva kwa sehemu ya muda. Umeme ukikatika, ibaki babula nje.

Hii ndiyo sehemu ambapo kuokoa nishati na kuokoa kifua vinakwenda njia moja. Dola mia za kuziba ukuta hazipunguzi gunia hata moja. Dola hizohizo kwenye sufuria ya presha na jiko la nje lenye paa na kuta mbili tu zinapunguza makala na kikohozi pamoja. Jiko hilo lijengwe lisitazame dirisha la chumba cha watoto.

Nilichomwambia

Parseli yake haiko shimoni. Tulikwenda pamoja alfajiri mara tatu, siku zisizo na upepo. Pesa aliyonayo haitoshi jiwe lote. Nimemwambia ajenge msingi na sakafu ya jiwe iliyoinuka, chumba cha mama mkwe cha jiwe upande wa machweo, na vingine vya mbao zilizobanwa vizuri upande wa baridi, na nafasi chini yake ipitishe hewa. Plafo kabla ya rangi. Upenu kabla ya vigae. Kama angekuwa na watoto wadogo sana na jiko lisiloweza kutoka ndani, ningemwambia bloki, kwa sababu ya moto, na klostra kila chumba. Mwenye pesa nyingi na parseli kubwa Himbi namwambia jiwe, naco, na aache ile alumini ya kuziba.

Jana usiku amejibu: "Yaya, fundi anasema klostra zitaingiza vumbi. Niweke ngapi?" Nimemwambia sita kwa kila chumba, tatu kila upande, na vumbi nitakuja kumsaidia kufagia.